Ufupi wa bua: nani anaamua mazao yetu yaweje?

Kila masika yanapokaribia, simu za wengi wetu tulio ughaibuni huanza kulia. Upande wa pili huwa ni mama, shemeji au kaka mkubwa aliyebaki nyumbani. Baada ya salamu ndefu na habari za wagonjwa, mazungumzo hufika pale pale: mbegu za dukani zimepanda bei, mbolea nayo haishikiki, mwaka huu mtusaidie. Nasi tunatuma. Lakini ni wachache waliowahi kujiuliza kwa nini mbegu ya siku hizi haiendi bila mbolea, na kwa nini ile mbegu ambayo bibi alikuwa akiitundika jikoni juu ya moshi haitajwi tena.

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mmea wenyewe, kwenye jeni, yaani chembe za urithi zinazouamuru mmea urefuke au udumae, utoe bua moja au matawi kumi. Sehemu iliyobaki imo kwenye siasa. Na hapa ndipo mjadala wetu wa nyumbani ulipopotea njia.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa tumekuwa tukibishana juu ya neno moja tu: GMO. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, kisha baraza la mawaziri la Rais William Ruto likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuatana mahakamani. Tanzania nayo, Novemba 2018, ilisimamisha majaribio ya mahindi ya aina hiyo yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma. Wapo wanaosema GMO ni sumu na wapo wanaosema ni mkombozi. Kila upande una kelele zake. Wakati huo huo, mabadiliko ya jeni yaliyoigeuza dunia kuliko yote katika karne iliyopita hayakuwa GMO hata kidogo, na hayakuombewa kibali cha waziri yeyote. Yalikuwa ni jeni za ufupi.

Njegere za mtawa

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1866 mtawa mmoja wa mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech, alichapisha matokeo ya miaka mingi ya kupandisha njegere katika bustani ya nyumba yao ya watawa. Jina lake Gregor Mendel. Alichukua njegere ndefu akazichavusha na njegere fupi. Watoto wote wakatoka warefu. Lakini alipowaachia watoto hao wazaane wenyewe, ufupi ukarudi: kati ya mimea 1,064, mirefu ilikuwa 787 na mifupi 277. Karibu watatu kwa mmoja. Ufupi haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha.

Mendel hakujua ni kitu gani kilichojificha. Ilibidi dunia ingoje hadi 1997 kwa wanasayansi kuipata jeni yenyewe. Wakakuta kwamba ni jeni inayohusika na utengenezaji wa homoni iitwayo jiberelini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliambia shina: refuka. Njegere fupi ya Mendel ilikuwa na jeni yenye hitilafu, hivyo homoni hiyo haikutengenezwa ya kutosha.

Homoni yenyewe ilikuwa imegunduliwa kwa njia ya ajabu. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa unaoufanya mche urefuke kupita kiasi, uwe mwembamba kama uzi, kisha uanguke. Wao waliuita ugonjwa wa miche mipumbavu. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba kuna kuvu anayetoa kitu kinachosababisha urefu huo. Katika miaka ya 1930 wenzake wakakichuja na kukipa jina la jiberelini. Baadaye ikaja kudhihirika kwamba mimea nayo hujitengenezea kitu hicho hicho.

Kwa hiyo urefu wa mmea una pande mbili. Kuna homoni inayotoa amri, na kuna mmea unaoisikia amri. Ukiharibika upande wowote kati ya hizo mbili, mmea unabaki mfupi. Weka hilo akilini, maana matumbo ya mamilioni ya watu yalikuja kulitegemea.

Ngano iliyopanda meli

Ngano na mpunga wa zamani vilikuwa virefu. Urefu huo ulikuwa na faida zake: mmea mrefu huyashinda magugu, na majani yake hulisha ng'ombe na kuezeka nyumba. Tatizo lilianza mbolea ya chumvichumvi ilipoingia. Ukiutilia mbolea mmea mrefu, suke linakuwa zito, bua halilibebi, na upepo mmoja tu unalilaza shamba zima. Mkulima yeyote wa mpunga wa Kyela au wa Mwea anajua maana ya mpunga kulala. Kinacholala huoza, au huliwa na panya na ndege.

Dawa ilitoka Japani. Mwaka 1935 mtafiti Gonjiro Inazuka alitoa ngano iitwayo Norin 10, fupi na yenye bua gumu. Nasaba yake yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko: upande mmoja ngano fupi ya Kijapani iitwayo Daruma, upande wa pili ngano mbili zilizotoka Marekani. Baada ya vita, mwaka 1946, mtaalamu wa kilimo Cecil Salmon, aliyekuwa na jeshi la Marekani lililoikalia Japani, aliiona shambani, akachukua mbegu zake na kuzipeleka kwao. Orville Vogel wa jimbo la Washington akaichanganya na ngano za huko, kisha mwaka 1953 akampelekea mbegu hizo Norman Borlaug huko Mexico. Hakumdai malipo ya hakimiliki wala kumfunga kwa mkataba. Ilikuwa ni mtafiti anamtumia mtafiti mwenzake bahasha ya mbegu.

Kutoka Mexico ngano hiyo fupi ilienda Asia. Mwaka 1966 India peke yake iliagiza tani 18,000 za mbegu. Uzalishaji wa ngano wa India, uliokuwa kama tani milioni 12 mwaka 1965, ulifika kama milioni 20 mwaka 1970. Mwaka huo huo Borlaug akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Kwenye mpunga hadithi ni hiyo hiyo. Taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI, iliyoko Ufilipino, ilichukua mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen, ikauchanganya na mpunga mrefu wa Indonesia uitwao Peta, na mwaka 1966 ikatoa mbegu ya IR8. Ilipopata maji na mbolea vizuri, mashamba ya majaribio yalitoa karibu tani 10 kwa hekta, mahali ambapo mbegu za asili zilikuwa zikitoa tani moja au mbili.

Watu waliokuwa wakizipanda mbegu hizo hawakujua jeni zake. Ile ya ngano ilitambuliwa mwaka 1999, na ya mpunga 2002. Zote mbili ziligusa homoni ile ile ya njegere za Mendel, ila kila moja kwa mlango wake. Mpunga mfupi hautengenezi jiberelini ya kutosha. Ngano fupi inaitengeneza, ila haiisikii. Ndani ya ngano kuna protini inayofanya kazi kama breki ya kukua. Kwa kawaida homoni inapofika breki hiyo huondolewa. Katika ngano ya Norin breki imebadilika kidogo, haiondoki. Bua linabaki fupi, na nguvu ambayo ingeishia kwenye bua inakwenda kwenye punje.

Bili ya ufupi

Hadi hapo ni hadithi ya ushindi, na ni kweli mamilioni ya watu walikula. Lakini ufupi huo ulikuja na masharti. Mbegu fupi ilichaguliwa katika mashamba yenye maji ya uhakika na mbolea, na huko ndiko inakong'ara. Ukiinyima vyote viwili haikupi muujiza wowote. Punjab, iliyonufaika kuliko majimbo yote ya India, leo inalia na visima vinavyozidi kuchimbwa chini kufuata maji. IR8 nayo walaji waliilalamikia kwamba wali wake ni mgumu, na wadudu waliipenda kuliko walaji, hata wataalamu wakalazimika kuifuatilizia mbegu nyingine haraka.

Huku kwetu mapinduzi hayo hayakushika kama Asia. Sababu ziko wazi. Sisi chakula chetu ni mahindi, muhogo, ndizi, mtama na uwele zaidi ya ngano. Mashamba yetu mengi yanangoja mvua ya Mungu. Barabara ya kumfikishia mkulima mbolea kwa bei ya haki hadi leo ni shida. Hata hivyo ufupi ulifika. Tanzania ina mpunga wa Saro 5, ambao pia huitwa TXD 306, mfupi na wenye kuzaa kuliko Supa wa asili ambao ni mrefu na hulala. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji anaushukuru Saro 5. Mkulima wa bonde lisilo na mfereji bado ana sababu nzuri za kubaki na Supa wake, na mlaji wa Dar es Salaam au wa Muscat anayeutafuta wali unaonukia naye ana sababu zake.

Hapa ndipo swali langu linapoanzia. Umbo la mmea haliwi zuri au baya hivi hivi. Linakuwa zuri kwa mtu fulani, katika shamba la namna fulani. Aliyeko mezani wakati mbegu inachaguliwa ndiye umbo linalomfuata.

Mtama ulioenda Texas

Mfano mzuri kuliko wote ni mtama, kwa sababu ni wetu. Ni nafaka iliyofugwa na Waafrika, ukanda wa Sudan na jirani zake, maelfu ya miaka iliyopita. Mtama wa kwetu ni mrefu, mwingine unampita mtu mzima. Nafaka inaliwa, mabua yanakuwa uzio, kuni, chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Hakuna kinachotupwa.

Ulipofika Marekani, urefu huo ukawa kero, maana mashine ya kuvunia haiwezi kulifikia suke lililo juu ya kichwa cha dereva. Wakulima wa nyanda kavu za huko waliokota mimea mifupi iliyojitokeza yenyewe mashambani, wakaizidisha. Kisha mwaka 1963 ukaanzishwa mpango maalumu, wa wizara ya kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha Texas A&M, wa kuchukua mitama mirefu ya nchi za joto, kuichanganya Puerto Rico na kuichagua Texas, mpaka iwe mifupi na iweze kukomaa kwenye siku ndefu za huko. Jeni mojawapo ya ufupi wa mtama ilifahamika mwaka 2003. Hii haigusi jiberelini; inazuia homoni nyingine, auksini, isisafiri vizuri kutoka kileleni kushuka kwenye shina. Jeni hiyo ina pacha wake kwenye mahindi, na pacha huyo naye akilegea mahindi huwa mafupi.

Sisemi Wamarekani walituibia. Walikuwa na mashine, wakautengeneza mtama uifuate mashine. Walijua wanachotaka na wakatoa fedha za umma kukitafuta. Swali ni sisi tulifanya nini na mtama huo huo. Kwa sehemu kubwa tuliuacha ukaitwa chakula cha njaa, tukakimbilia mahindi, ambayo hukauka mvua ikichelewa wiki tatu.

Harufu inayomwamsha mchawi

Na bado mtama una siri ya kutufaa. Kuna gugu lenye maua ya zambarau liitwalo kiduha, ambalo Waluo huliita kayongo. Halipaliliki, maana linapochomoza juu ya ardhi limeshanyonya mizizi ya mtama au mahindi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Kanda ya Ziwa, pande zote za mpaka wa Kenya, Uganda na Tanzania, linajulikana kama mkosi.

Kinacholiamsha ni homoni. Mimea hutoa kwenye mizizi kemikali ziitwazo strigolaktoni, zinazowaita kuvu rafiki wa ardhini waje kuisaidia kupata fosfati. Mwaka 2008 ikajulikana kwamba kemikali hizo hizo ndizo zinazoamua umbo la mmea kwa juu: zinauzuia usichipue matawi mengi. Kiduha kimejifunza kuzinusa. Kikizisikia, kinajua chakula kimekaribia.

Sasa, ipo mitama ya asili ya Kiafrika ambayo kiduha hakiiamkii. Mwaka 2017 watafiti walieleza sababu: jeni moja katika mitama hiyo imepotea au kuharibika, kwa hiyo mizizi inatoa strigolaktoni ya aina nyingine ambayo kiduha hakiitambui vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, wamekuwa wakitumia ufundi mpya wa kuhariri jeni ili kuuleta udhaifu huo wenye faida kwenye mitama inayopendwa na wakulima. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayoingizwa. Inaharibiwa jeni moja, kama ilivyokwisha kuharibika yenyewe porini. Kenya ilitoa miongozo yake ya kuhariri jeni mwaka 2022.

Huo ndio utafiti ninaouona una maana. Swali limeulizwa na watu wa hapa, kwa shida ya hapa, kwa kutumia mtama wa hapa. Unaweza kuujadili usalama wake, na ujadiliwe. Lakini huwezi kusema ni wa wageni.

Mbegu ni ya nani?

Linabaki jambo ambalo serikali zetu hazipendi kulizungumza kwa sauti. Bahasha ya Vogel haingesafiri leo kama ilivyosafiri 1953. Jeni za mazao na mbinu za kuzibadilisha zimejaa hataza, yaani hati za umiliki. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani, iliyoinunua Monsanto mwaka 2018, imeshaingiza mahindi mafupi katika masoko ya Mexico na Marekani. Yakifika Afrika Mashariki, na sioni kwa nini yasifike, tusiulize tu kama ni GMO au la. Mengine yamepatikana kwa uzalishaji wa kawaida kabisa. Tuulize: mkulima akivuna ataruhusiwa kuweka mbegu? Je, bua hilo fupi litamfaa mwenye ekari moja, ng'ombe wawili na jembe la mkono, au limepimwa kwa matrekta ya Iowa?

Sheria zetu zimekuwa zikielekea upande mmoja. Kenya iliingia katika umoja wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa mbegu, UPOV, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Sheria ya mbegu ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2012, ilifika mahali pa kumtishia mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Bibi aliyempa jirani kibaba cha maharage ya mbegu alikuwa mhalifu. Wakulima walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba. Ni hukumu iliyostahili kelele kubwa kuliko iliyopata.

Nisieleweke vibaya. Mbegu feki zipo, na zimewatia wakulima umaskini. Udhibiti unahitajika. Lakini kumkamata tapeli anayepaka rangi mahindi ya kula na kuyauza kama mbegu ni jambo moja, na kumkataza mkulima kubadilishana mbegu na jirani ni jambo jingine kabisa. Tanzania angalau ina utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao unakiruhusu kikundi cha wakulima kuzalisha mbegu na kuziuza katika eneo lao chini ya ukaguzi. Utaratibu kama huo upanuliwe.

Jingine ni fedha. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakarudia Malabo mwaka 2014. Nchi nyingi hazikufika. Benki za mbegu za Muguga nchini Kenya na Arusha nchini Tanzania zinatunza mitama, mipunga na kunde ambazo jeni zake huenda ndizo jibu la ukame wa kesho. Hifadhi za namna hiyo huishi kwa bajeti. Umeme wa friji ukikatika kwa sababu ankara haikulipwa, hakuna hotuba itakayozirudisha mbegu zilizokufa.

Sisi tulio nje tumezoea kuhoji nani anamiliki gazeti lipi, na nani yuko nyuma ya kituo gani cha redio. Tumechelewa kuhoji nani anamiliki mbegu. Basi simu ya masika ikilia tena, tutume hela kama kawaida, lakini tuulize na swali moja: mbegu ipi, ya nani, na ile ya bibi iko wapi? Kama bado ipo, hata kibuyu kimoja, shemeji aambiwe asiimalize yote chunguni.